Nani Atasema na Kijana Wetu?

Katika pande zetu za Usukuma si desturi baba kusema na binti yake habari za mwili na mapenzi, wala mama kusema na mwanawe wa kiume. Mgeni akiona hivyo hudhani kwamba sisi ni watu tusiojali. Sivyo hata kidogo. Wazee walikwisha kuigawa kazi hiyo zamani. Kijana wa kiume alikaa jioni shikome, yaani penye moto wa uani wanapoota wanaume wa mji, na hapo guku wake, babu yake, alimwambia mambo yote wazi wazi, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani na hakuna haya kati yao. Binti naye alipata mafundisho kwa bibi yake na kwa shangazi zake, usiku kabla ya kulala, au kisimani, au shambani. Baba na mama walinyamaza, na kunyamaza kwao hakukudhuru kitu, maana palikuwa na mtu mwingine aliyesema.

Shida yetu ya leo ni kwamba kunyamaza kumebaki, na yule mwingine ameondoka.

Hakufukuzwa na mtu. Shule za kata zilijengwa kwa wingi tangu 2006, na mwanzo wa 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa, hata watoto wengi wa wakulima wakapata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini shule haiko mlangoni pa kila mtu. Mzazi akiona njia ni ndefu humpangia mtoto chumba karibu na shule, na watoto wenyewe hukiita geto. Humo mtoto wa miaka 14 au 15 hujipikia, hujifulia, na hujifungulia mlango mwenyewe. Bibi yake yuko mbali kijijini anapura mtama. Jioni hakuna moto wala babu. Iko simu, nayo husema mambo yote bila haya kuliko babu yeyote, ila haijui mtoto huyo ni mwana wa nani.

Mimi ni karani wa parokia hapa Bariadi. Kabla ya kushika kazi hii nilisoma chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa saikolojia ya mtoto na mabadiliko ya balehe, tukajibu mtihani, tukashinda. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili safi cha vitabuni. Hatukuambiwa mzazi ayasemeje nyumbani kwa Kisukuma, ambako maneno hayo mara nyingi ama ni matusi ama ni mzaha wa babu. Nafikiri hiyo ndiyo sababu wazazi wengi hukwama. Mambo wayajua sana. Hawana maneno wawezayo kuyatamka mbele ya mwana wao bila kujivunjia heshima. Ndiyo maana simcheki mzazi aonaye haya. Haya yake ni sehemu ya adabu yetu, na mtu hawezi kuivua adabu yake kama koti.

Lakini liko jambo jingine ambalo naliona nikiwa mezani pangu, nalo lanitia wasiwasi kuliko haya hizo. Wachumba wanapokuja kuandikisha majina yao ili yatangazwe kanisani, mimi huwauliza wote wawili kama wameridhia wenyewe. Kijana wa kiume hujibu upesi, "Nimeridhia." Binti huangalia chini. Nikimwuliza mara ya pili hujibu, "Baba amekubali." Jibu hili nimelisikia mara nyingi sana, hata kwa wasichana waliomaliza kidato cha nne. Nikisema, "Baba nimemsikia, nauliza wewe," hunyamaza kabisa, tena hunitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. Sisemi kwamba hawataki kuolewa. Wengi wataka, na ndoa zao ni njema. Nasema tu kwamba miaka yote waliyoishi hapakuwa na mtu aliyewauliza wataka nini katika jambo hili.

Sasa tutafakari pamoja, wazazi wenzangu. Twamtaka binti yetu ajizuie mpaka ndoa. Twamwambia, "Ukiambiwa neno baya na mvulana, sema hapana." Ataitoa wapi hapana hiyo, yeye ambaye hata ndiyo yake hatukuwahi kuihitaji?

Kila Msukuma asomaye habari hizi aijua chagulaga. Kwa ndugu wa mikoa mingine nitaeleza kidogo. Baada ya mavuno, watu wakiwa na fedha kidogo na kazi imepungua, ngoma huchezwa, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na umati hukusanyika. Kadhalika siku za mnada na gulio. Jioni wasichana wanaporudi nyumbani, vijana wa kiume huwafuata, humzunguka mmoja, humwambia, "Chagulaga, mayu." Maana yake, chagua mmoja wetu. Mayu ni neno la heshima, ni kumwita mama. Lakini mayu huyu hana njia ya kupita. Kila kijana hujisifu, mmoja kwa maneno, mmoja kwa mavazi yake, na binti hatoki mpaka ataje jina. Asipotaja, giza laingia, na wale vijana hawamwachii; wengine wamekwisha kudhulumiwa kwa nguvu katika hali hiyo.

Wako wazee wanaosema kwamba zamani mchezo huu ulikuwa wa heshima, kwamba binti aliweza kutaja jina kwa kucheka tu, kisha akaenda zake, na uchumba wa kweli ukaanzia hapo polepole mpaka posa. Sina sababu ya kuwabishia. Huenda palikuwa na wakubwa karibu waliochunga mipaka. Ninalosema ni kwamba hata katika sura yake njema kabisa, chagulaga ina majibu mengi na jibu moja limekosekana. Binti aweza kumchagua huyu, au yule, au yule pale. Hawezi kusema, "Simchagui yeyote, nakwenda nyumbani." Na ninyi mnajua kwamba kujizuia kote tunakokuhubiri kumo katika jibu hilo moja.

Ndiyo sababu naona kwamba mazungumzo haya yaanze kwa mtoto wa kiume. Sisi wazazi tumezoea kumfunga binti, na kumwachia ndugu yake barabara. Binti huulizwa alikuwa wapi, ndugu yake huulizwa kama ng'ombe wamekunywa maji. Yeye akirudi saa nne za usiku kutoka ngomani, baba hujifanya amelala. Yule binti aliyezungukwa jioni ile si mtoto wa jini. Alizungukwa na wana wetu.

Baba mmoja wa kigango cha jirani alinieleza alivyofanya. Walikuwa wakilima kwa plau, yeye ameshika mpini na mwanawe yuko mbele akiongoza ng'ombe, hata hawatazamani usoni. Naona hilo lilisaidia sana. Baba akasema, "Baba, nasikia juzi mlimzuia msichana njiani." Kijana akanyamaza kwa mfereji mzima, kisha akajibu kwamba wote hufanya hivyo, na kwamba msichana akikataa ni maringo tu, ndani anataka. Baba hakumkaripia. Akamwambia, "Mama yako alinikataa mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani. Mara ya pili nilirudi nyumbani. Mara ya tatu sikwenda mimi, yeye alituma neno." Wakafika mwisho wa shamba, wakageuza ng'ombe. Mpaka jua lilipokuwa kali hawakusema tena habari hiyo. Lakini yule baba aniambia kwamba tangu siku ile kijana wake humwuliza mambo, moja moja, siku wanapokuwa wawili tu.

Mtaona kwamba hakutumia neno hata moja la vitabuni, wala la aibu. Alisimulia alivyomtafuta mke wake. Kila mzazi anayo habari ya namna hiyo, na mtoto ana njaa ya kuisikia, kwa maana ni habari ya namna yeye mwenyewe alivyokuja duniani.

Nataka kukaza jambo hili la kazi ya mikono. Shule na kanisa vimetuzoeza kwamba kufundisha ni mtu kusimama na wengine kukaa. Mzazi akitaka kumwonya mtoto humwita sebuleni, humkalisha kitini, hukohoa, na mtoto hujua mara moja kwamba hukumu imekuja. Hasikii tena neno. Lakini tunazo kazi ambazo Mungu ametupa kana kwamba kwa ajili ya mazungumzo. Kuchuma pamba, mstari wako na mstari wangu. Kupukuchua mahindi. Na zaidi ya zote, michembe. Wakati wa kiangazi mama na binti zake hukaa penye lundo la viazi tangu asubuhi, humenya, hukata, huanika juani, na kesho lundo jingine. Vidole vina kazi, macho yako kwenye kisu, na kimya kikija hakimtishi mtu.

Mama mmoja alikuwa katika michembe na binti yake wa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita. Akamwuliza kama mtu aulizaye bei ya chumvi:

"Mayu, shuleni unakwenda na nani siku hizi?"

"Kuna kaka mmoja wa bodaboda hunipakia, mama. Hanidai nauli."

"Ni mwema basi. Na wewe wamwonaje?"

Binti akakata kiazi, akakata kingine. "Ananinunulia chipsi pia. Aliniambia nisiseme nyumbani."

Mama yule asema moyo ulimpiga hata akajikata kidole. Lakini aliendelea kumenya, akasema, "Mimi na baba yako tulipopendana, yeye ndiye aliyetaka kila mtu ajue. Anayekwambia ufiche, mtazame vizuri." Akaongeza, "Waweza kumwambia hutaki tena kupanda. Hakuna deni hapo. Chipsi si ng'ombe."

Nimefurahi sana kwa maneno yale, kwa sababu nyingi za hatari zetu ziko katika zawadi ndogo. Mtoto wa kijijini amelelewa ajue kwamba kitu hakipokelewi bure. Ukipewa, una deni. Hiyo ni tabia njema ya Wasukuma, na mtu mjanja aitumia kumkamatia. Binti hukubali si kwa tamaa, bali kwa adabu, kwa kuwa amekula cha mtu na aona aibu kukataa. Yafaa aambiwe waziwazi kwamba liko deni ambalo halilipwi, na kwamba mzazi wake hatamwona mkosa adabu.

Wala mama yule hakuishia kwenye maneno. Alizungumza na mumewe usiku, bila kumtaja yule mtu kwa hasira, akamwambia njia ya shule ni ndefu. Baba aliuza mbuzi wawili, akanunua baiskeli. Binti huenda shuleni na wenzake wawili wa jirani, hupokezana kupakiana. Ningekuwa na uwezo ningewaambia wazazi wote kwamba baiskeli ile ni nusu ya mafundisho.

Hapa sina budi kusema neno litakalowaudhi baadhi ya akina baba. Twawafundisha mabinti kwamba miili yao ni hekalu la Mungu, kisha wanatusikia jioni tukihesabu ng'ombe. Mimi mwenyewe ni Msukuma, na sisemi mahari ni mbaya; ni heshima kati ya koo mbili, na imezishikilia nyumba nyingi zisianguke. Lakini mtoto husikia. Akisikia kwamba fulani wa jirani ametoa ng'ombe wengi kwa sababu binti yule ni mweupe, au hakusoma sana akaharibika kichwa, basi ameshajifunza somo, na somo letu la Jumapili halitalifuta. Binti atajilinda ikiwa aamini kwamba ni wake yeye mwenyewe mbele ya Mungu. Ikiwa aamini kwamba yeye ni mali ya baba iliyohifadhiwa kwa mnunuzi, basi siku anapomkasirikia baba atamkomoa kwa mali hiyo.

Takwimu za afya za mwaka 2010, Bariadi ilipokuwa bado katika mkoa wa Shinyanga (Simiyu ulikuwa mkoa 2012), zilionyesha kwamba katika mkoa ule wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Tusiwalaumu vijana peke yao. Watoto hao hawakujioza. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi vyapingana na Katiba.

Wengine huniuliza kama kuzungumza mambo haya si kuwaamsha watoto waliolala. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, kwamba elimu hii ni haki na wajibu wa wazazi kwanza, na Papa Fransisko mwaka 2016 katika Amoris Laetitia alitoa sehemu nzima kusema ndiyo, itolewe, ndani ya elimu ya kupenda. Lakini hata bila nyaraka hizo, nani kati yenu aamini kwamba mtoto mwenye simu, aliyechunga ng'ombe na mbuzi tangu miaka saba, amelala?

Wengine nao husema sana, ila husema vitisho tu. Ukimwi, jela, mimba. Mambo hayo ni ya kweli na mtoto ayajue. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, msichana asiyefika miaka 18 hata akisema amekubali, kukubali kwake si kitu. Na tangu 2016 ampaye mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kijana wa kiume aambiwe haya kama aambiwavyo habari za nyoka, mara moja na kwa sauti ya kawaida. Kitisho kikiwa ndio chakula cha kila siku, mtoto hujifunza kujificha, wala hajifunzi kujizuia.

Na kipo kitisho kimoja ambacho ningeomba kisitamkwe kabisa nyumbani mwa Mkristo: "Ukipata mimba, usikanyage hapa." Taifa lilipohesabu mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, miaka sita au saba nyuma walikuwa 27. Idadi imepungua, lakini bado ni mabinti wengi mno, na wengine wametoka nyumba za wazazi wema wanaosali kila jioni. Binti aliyeambiwa maneno yale, siku ya kwanza atakapoona dalili atamwendea nani? Atamwendea yule yule aliyemharibu, au rafiki wa rika lake, au mtu wa dawa za kienyeji gizani. Mlango ule mliofunga kwa maneno ndio aliouhitaji. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyekatiza masomo kwa kujifungua arudi shuleni katika mfumo rasmi. Ikiwa shule yafungua mlango, nyumba itakuwaje? Mwambie mtoto wazi, kabla ya jambo lolote kutokea: "Nataka ujitunze. Tena likikupata neno lolote, la kupenda au la kulazimishwa, njoo kwangu kwanza, hata usiku." Watoto wengi waliodhulumiwa walinyamaza kwa sababu walidhani watapigwa wao.

Bibi na babu wasiachwe kando. Wengi wako hai, nao wana utani ule ambao sisi wazazi hatuna. Likizo mtoto apelekwe kwao, si kuchunga tu. Ila mzazi azungumze nao kwanza, kwa maana babu mwingine atamcheka mjukuu asiyejua wanawake, na atabomoa kwa jioni moja alichojenga baba mwaka mzima.

Pamba ikishauzwa, ngoma zitaanza tena, na mabango yatabandikwa njia panda. Watoto watataka kwenda, nami sioni sababu ya kuwakataza. Ngoma ni yetu na nyingine ni nzuri mno. Ningemwomba kila baba, siku hiyo kabla hawajatoka, amwulize binti yake atarudi na nani na kwa njia ipi, kisha amgeukie mwanawe wa kiume amwulize maswali hayo hayo, na asiende kulala mpaka wote wawili wamejibu hodi.